Cha Juu na Dhamiri: Je, Naweza Kufaidika kwa Sababu Mwenzangu Hajui?



Mpendwa kijana, leo tuzungumze habari ya spika. Ndiyo, spika. Spika, amplifaya, mikisa, kinanda, maikrofoni: vile vyombo ambavyo kila kwaya ya parokia inavihitaji, na ni kwaya chache sana zinazoweza kuvinunua vikiwa vipya. Wengi wenu mmeshachangishwa kwa ajili ya vyombo. Wengine mnaishi kwa kuviuza. Kwa hiyo swali la leo haliko mbali na sisi, nalo ni hili: je, ni haki kupata faida kwa sababu tu mwenzangu hajui kile ninachokijua mimi?

Chukua mfano. Kwaya ya kigango imechanga kwa miezi minane. Wameuza maandazi baada ya Misa, wameimba kwenye harusi tatu, wazee wa jumuiya wameongezea kidogo kidogo. Imepatikana milioni moja na laki mbili. Wanachaguliwa vijana wawili, wanapanda basi hadi Kariakoo. Pale wanadakwa na winga, anawapeleka kwenye duka la vyombo vya mtumba, wanaonyeshwa spika mbili kubwa na amplifaya moja. Muuzaji anawasha. Besi inatikisa kifua, kila mtu anatabasamu. Muuzaji anajua kwamba amplifaya ile ikishapata moto, baada ya dakika arobaini hivi, inajizima yenyewe. Anawasha kwa dakika tano, anazima. Hakuna aliyemuuliza. Hela inahesabiwa, mzigo unafungwa kamba, vijana wanarudi nyumbani na furaha yao.

Sasa hebu niambie, huyu muuzaji amekosa nini? Hajasema uongo hata mmoja.

Biashara yenyewe si dhambi

Kabla hatujamhukumu, tuweke jambo moja sawa. Wapo Wakristo wanaodhani faida yoyote ni wizi uliovaa tai. Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliweka jambo hili la kuuza na kununua katika swali zima la 77 la sehemu ile ya Summa Theologiae inayozungumzia haki. Katika kipengele cha nne anauliza kama mfanyabiashara anaruhusiwa kuuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Anajibu kwamba faida si kitu kibaya chenyewe. Mtu anaweza kuitafuta ili atunze familia yake, asaidie maskini, au nchi isikose vitu inavyovihitaji. Tena anasema bei inaweza kupanda kwa haki kwa sababu mtu amekiboresha kitu, au kwa sababu mahali na wakati vimebadilika, au kwa sababu amejitia hatarini kukisafirisha.

Weka maneno hayo Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi. Spika iliyokaa bila kazi stoo ya mtu huko Ulaya inapakiwa kwenye kontena, inavuka bahari, inalipiwa ushuru, inashushwa. Fundi anaifungua, anaondoa sponji iliyooza kuzunguka koni, anabandika mpya. Anafungua amplifaya, anasafisha voliumu inayokwaruza, anachomelea waya uliokatika. Kila hatua hapo ni kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Tena kitu ambacho kingetupwa jalalani kinarudi kumsifu Mungu kwenye kigango. Papa Fransisko katika Laudato si', mwaka 2015, alitukemea juu ya tabia ya kutumia na kutupa. Muuza mitumba mwaminifu anafanya kinyume cha tabia hiyo, hata kama hajawahi kuisoma hati hiyo.

Basi kijana uliye dukani, usione aibu. Kazi yako ni njema. Swali letu linahusu namna ya kuifanya.

Kasoro inayojificha

Shati la mtumba unaligeuza juani, unaona tundu. Kiatu unakikunja, unaona kama soli imepasuka. Chombo cha muziki hakiko hivyo. Kasoro zake zinakaa ndani ya kasha, na nyingine zinangoja mpaka ufike nyumbani.

Kapasita zilizomo ndani ya amplifaya hukauka kwa umri na joto. Chombo kikiwa cha baridi kinaweza kuimba vizuri, kikichemka kikaanza kuvuma. Ile sponji ya kwenye koni huoza hata kama spika ilikuwa imehifadhiwa tu bila kutumika. Mikisa ya chaneli kumi na mbili inaweza kuwa na mbili zilizokufa, na hutazijua mpaka uchomeke waya kila chaneli. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kinataka umeme wa volti 100, wakati umeme wetu Tanzania ni volti 230. Dukani kinawaka vizuri kwa sababu kuna transfoma imefichwa chini ya meza. Kule kigangoni hakuna transfoma. Mtu anachomeka ukutani, moshi unatoka, na hela ya maandazi imeishia hapo. Tena kuna maikrofoni: Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, inapendwa sana duniani, na kwa sababu hiyohiyo inaghushiwa sana. Ukiishika feki mkononi, kwa nje inafanana na halisi kabisa.

Kwa hiyo katika biashara hii wanakutana watu wawili wasio sawa. Mmoja ameshafungua kasha. Mwingine anaona kasha tu. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mbele ya amplifaya methali hiyo inapata shida, maana kizuri na kibaya vyote viwili vinawaka taa ileile nyekundu.

"Mjini akili"

Jibu la mtaani unalijua. Mjini akili. Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwani nani alimkataza asilete fundi? Kuna msemo wa Kilatini wa namna hiyo: caveat emptor, yaani mnunuzi ajihadhari. Hoja hii si ya kijinga, tuipime kwa heshima.

Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na ndani yake kuna kisa ambacho wanafunzi wa falsafa hawakisahau. Mfanyabiashara mwema anatoka Alexandria na meli iliyojaa nafaka, anafika kisiwa cha Rhodes. Kuna njaa, bei iko juu mno. Yeye anajua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza ni kitu kimoja na kuficha ni kitu kingine: muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, basi, mengine mnunuzi ajitafutie. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa. Anasema tumezaliwa kwa ajili ya wenzetu, faida yako na faida ya wote havitakiwi kupingana, kwa hiyo usimfiche binadamu mwenzako jambo linalomfaa.

Cicero mwenyewe anaamua upande wa Antipater, na sababu yake inafika mbali. Anasema si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, kwamba wale wanaohitaji kujua jambo wasilijue. Ona alivyoutoa mzigo kwenye maneno akauweka kwenye utashi. Swali halibaki kuwa "nilisema uongo?" tu. Swali linakuwa "nilitamani asijue?"

Sasa rudi kwa yule muuzaji wetu na zile dakika tano. Kwa nini alizima mapema? Hakuwa na haraka. Alitaka wasijue. Ulimi wake ulinyamaza, lakini mkono wake uliokwenda kwenye swichi ulisema uongo.

Tena kuna jambo la manufaa ya wote. Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala maarufu juu ya soko la magari yaliyotumika, na baadaye, mwaka 2001, alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba mnunuzi akishindwa kutofautisha gari zima na gari bovu, hukataa kulipa bei ya gari zima. Wenye magari mazima wanaona hawalipwi inavyostahili, wanajitoa sokoni, na soko linabaki na mabovu. Mtaani tungesema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Muuzaji anayeficha kasoro hamwibii mteja wake tu. Anamwibia na jirani yake mwaminifu wa duka la pili, ambaye kesho mteja atamwambia usoni, "Ninyi wote ni walewale."

Mtakatifu Thoma anatupa vipimo

Mtu anaweza kuuliza: basi nitaje kila kitu? Kila mkwaruzo? Hapa ndipo ninapompenda Mtakatifu Thoma, kwa sababu anatofautisha mambo bila kupiga kelele.

Anasema kasoro inaweza kuwa katika aina ya kitu, katika kipimo chake, au katika ubora wake. Maikrofoni feki ikiuzwa kama halisi, kasoro iko katika aina. Spika iliyoandikwa wati nyingi kuliko uwezo wake, kasoro iko katika kipimo. Amplifaya inayojizima ikichemka, kasoro iko katika ubora. Muuzaji akijua mojawapo na akauza kana kwamba haipo, ametenda dhambi na anadaiwa kurudisha. Kama hakujua, hana dhambi. Lakini siku akijua, anawajibika kumfidia mnunuzi. Jambo hili wengi hatulipendi. Tunadhani "hata mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia" linatosha. Linatosha kukuondolea lawama, halikuondolei deni.

Halafu anatofautisha kasoro iliyo wazi na iliyofichika. Mfano wake ni farasi mwenye jicho moja. Kila mtu anaona, na kama umeshapunguza bei kwa sababu hiyo, hulazimiki kuitangaza. Kwetu ni kasha lililopauka au kitufe kilichong'oka: mnunuzi ana macho. Lakini kasoro iliyofichika, ile inayoweza kumletea hasara au hatari, lazima aambiwe. Chombo cha volti 100 kinachokwenda kuchomekwa kwenye volti 230 ni hatari, kijana. Kinaweza kuwasha moto.

Je, nitangaze kasoro kwa kipaza sauti mpaka wateja wakimbie? Hapana. Mtakatifu Thoma alishaliona pingamizi hilo, akajibu kwamba hulazimiki kumtuma mpiga mbiu. Mwambie yule anayekuja kununua, mmoja mmoja, ili apime mwenyewe faida na hasara za kitu hicho. Kipande cha karatasi ya gundi juu ya mikisa kilichoandikwa "chaneli ya 7 haifanyi kazi" kinatosha, mradi bei iwe imepungua kulingana na kasoro.

Na ile nafaka ya Rhodes? Hapa anamwacha Cicero kidogo. Tuseme wewe unauza vinanda, na unajua wiki ijayo kontena linaingia na bei itashuka. Je, ni lazima umwambie mteja wa leo? Mtakatifu Thoma anaona kwamba kwa haki kali hulazimiki, kwa sababu unauza kwa bei iliyopo leo na kitu chenyewe hakina kasoro. Lakini anaongeza kwamba ukimwambia, au ukimpunguzia, unaonyesha fadhila kubwa zaidi. Tofauti hii ni muhimu. Usipoielewa, utamwita mwizi mtu ambaye hakuiba, au utajiita mtakatifu kwa kufanya kile ambacho ni wajibu tu.

"Nikisema ukweli nitakula nini?"

Najua wapo mnaosoma hapa mkisema moyoni: Frateri, wewe unakula seminarini, hujui kodi ya fremu. Ni kweli silipi kodi ya fremu. Lakini tulitazame pingamizi lenyewe.

Mara nyingi kijana wa dukani si mwenye mali. Amechukua mzigo kwa mali kauli. Mwenye mzigo anataka hela yake Jumamosi, ziuzwe zisiuzwe. Amplifaya imeshatokea mbovu. Akisema ukweli, bei inashuka, na tofauti inatoka mfukoni mwake. Hapo uaminifu unamgharimu mlo wa watoto wake.

Simdharau kijana huyo. Ila namwomba aone kitu kimoja. Hasara tayari ipo. Amplifaya imeshaharibika, na kuna mtu ataibeba hasara hiyo. Swali lililobaki ni nani. Akinyamaza, hasara haipotei. Inapanda basi kwenda kigangoni, inatua kwa mama aliyekaanga maandazi, ambaye hakupata hata nafasi ya kukataa. Na huyo mama naye ana watoto. Ukiliona hivyo, ile sentensi ya "nitakula nini" inapata nusu yake ya pili: "na nitakula cha nani?"

Kuna njia za kati, na ni za haki. Mrudie mwenye mzigo umwambie kimetokea kibovu. Mpe fundi akitengeneze, ongeza gharama yake kwenye bei. Kiuze kwa bei ya kibovu kwa fundi anayetafuta vipuri. Toa dhamana ya mwezi mmoja kwa maandishi. Njia hizi zinaleta faida ndogo, lakini unaweza kuila ukiwa unamtazama mteja machoni.

Mnunuzi naye ana dhamiri

Tumemsema muuzaji sana. Tumgeukie mnunuzi, kwa sababu kwenye biashara ya mitumba dalali huwa mnunuzi kwanza.

Kuna kicheza santuri kinachoitwa Technics SL-1200. Kilitoka mwaka 1972, madijei wakakipenda, kikaacha kutengenezwa mwaka 2010, kikarudi tena mwaka 2016. Hata kilichotumika kina thamani. Sasa tuseme mama mjane anasafisha chumba cha marehemu mumewe. Anamwita kijana anayenunua vyombo vya zamani. Kwake lile ni dude zito lenye vumbi. Anasema, "Baba, nipe hata elfu thelathini uliondoe." Kijana amekitambua tangu mlangoni. Je, atoe elfu thelathini aondoke?

Mtaani tutamwita mjanja. Lakini Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 13 cha kazi yake juu ya Utatu, anasimulia kwamba alimjua mtu aliyeletewa kitabu cha kununua. Muuzaji hakujua thamani yake, akataja bei ndogo, na yule mtu akampa bei ya haki ambayo muuzaji hakuitarajia. Anakitoa kisa hicho kumjibu yule mchekeshaji aliyetangaza kwamba anajua matakwa ya watu wote: kununua rahisi na kuuza ghali. Augustino anasema hapana, si wote. Mtakatifu Thoma naye anasema mtu akiuziwa dhahabu kana kwamba ni shaba, naye anajua, ananunua bila haki na anapaswa kurudisha.

Hii haina maana kwamba kijana ampe yule mama bei yote atakayouzia. Ana kazi mbele yake: kukisafisha, kutafuta sindano, kumtafuta mteja, kungoja miezi. Kazi hiyo ilipwe. Hata jicho lake la kukitambua limetokana na miaka ya kujifunza, nalo lina thamani. Lakini kuna tofauti kati ya kulipwa kwa ujuzi wangu na kujilipa kwa kutojua kwa mwenzangu. La kwanza ninaweza kumwambia usoni: "Mama, hiki ni kitu cha thamani. Mimi nitakupa kiasi hiki, na nitauza kwa zaidi, kwa sababu hii na hii." La pili ninaweza kulifanya tu kama mama haelewi. Faida inayokufa ukweli ukisemwa, hiyo ndiyo ya kuiogopa.

Na wale tunaonunua vya kutumia, tusijione wasafi. Methali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akifika mbali anajisifu kwa alivyokipata. Tunajuana! Kubembeleza bei si dhambi. Mtakatifu Thoma mwenyewe anasema bei ya haki haikai kwenye nukta moja. Ni makadirio, na kuzidi au kupungua kidogo hakuivunji. Lakini kumwambia muuzaji "hii feki" ukijua ni halisi, huo ni uongo, hata kama umeufunga kwenye utani.

Na cha juu je?

Winga anayekuokoa na jua, anayejua duka gani lina nini, amefanya kazi. Kama bei ya mwisho imebaki ndani ya kiasi cha haki, sioni wizi. Lakini akikuambia "mimi niko upande wako, hapa sipati kitu", huku ameshakonyezana na mwenye duka, hapo anauza imani yako, na imani hiyo haikuwa mali yake.

Zaidi ya winga, namfikiria kijana aliyetumwa na kwaya. Duka linasema laki nane, risiti inaandikwa laki tisa na nusu. Anajiambia ni hela ya soda na nauli. Rafiki yangu, kama ni nauli, iandike nauli. Kwaya haitakataa. Wewe hukwenda pale kama dalali, ulikwenda kama mikono na macho ya watu sitini waliokuamini. Bwana wetu katika Luka 16:10 anaunganisha uaminifu wa jambo dogo na uaminifu wa jambo kubwa. Anayejifunzia kwenye risiti ya spika, kesho atakabidhiwa mfuko wa ujenzi wa kanisa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu kati ya makosa dhidi ya amri ya saba udanganyifu katika biashara, na kupandisha bei kwa kutumia kutojua au shida ya mwingine. Tazama, kutojua na shida vimewekwa pamoja. Tunaona aibu kumkamua mwenye njaa. Tunamkamua asiyejua, halafu tunaita akili.

Tufanye nini?

Unaponunua, usimjaribu muuzaji kwa imani tupu. Nenda na fundi. Wacha chombo kiwake saa nzima. Jaribu kila chaneli. Soma kibandiko cha nyuma uone ni volti ngapi. Uliza wazi: "Kina tatizo gani unalolijua?" Swali hilo linamsaidia na muuzaji, maana linamtoa kwenye kona ya kunyamaza. Akikujibu kweli, mshukuru, usimkandamize bei kupita kiasi kwa sababu amekuwa mkweli. Vinginevyo unamfundisha kwamba ukweli haulipi.

Unapouza, sema kabla hujaulizwa. Na kama kuna mteja wa zamani unayemkumbuka, kama jina lake linakujia unaposoma hapa, kumbuka kwamba maungamo hayafuti deni kwa Mungu huku deni kwa jirani likiachwa wazi. Namba 2412 ya Katekisimu inataka kilichochukuliwa bila haki kirudishwe. Zakayo katika Luka 19 hakuishia kulia. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Kama huna cha kurudisha mara moja, anza na simu. Sema, "Kile chombo kina shida, kilete tukitengeneze." Simu hiyo ni ngumu kuliko novena tisa, lakini huenda ndiyo sala ambayo Mungu anaingoja kwako.

Kwa tafakari yako ya wiki hii nakuachia maswali matatu. Je, kuna faida yangu ambayo ingekufa kama mwenzangu angejua ukweli? Je, kuna kitu nimekizima mapema ili mtu asione? Je, kuna mtu aliyenituma akaniamini, nami nikajilipa bila yeye kujua?

Tusali. Ee Bwana Yesu, wewe uliyefanya kazi kwa mikono yako huko Nazareti, ukapokea malipo ya jasho lako, wabariki vijana wanaotafuta riziki madukani na barabarani. Utupe moyo usiotamani mwenzetu abaki gizani. Utupe ujasiri wa kusema ukweli unapotugharimu, na imani kwamba Baba yako anajua tunahitaji kula. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Nawatakia Dominika njema na mauzo mema.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri